Mchi wa Salome, Nyonga za Baba Lusia

Haya, kaa vizuri nikutegee, na usigeuke kutazama nyuma. Nina watumishi wawili. Tangu nizaliwe sijawahi kuwaona kwa macho yangu. Nikikaa, wanalala. Nikitaka kusimama, wanaamka kabla yangu na kuniinua. Nikiwaacha walale siku nyingi, wanatoroka kidogo kidogo bila kuaga, na siku nikiwaita hakuna anayeitika. Ni akina nani?

Umesema miguu? Hapana, miguu unaiona kila ukivaa ndala. Umesema kivuli? Kivuli hakijawahi kumwinua mtu. Umechoka? Basi nakuambia, ila usicheke: ni makalio. Hayo hayo uliyoyakalia sasa hivi. Na mimi ningecheka, kama si mwaka ule watumishi wa mume wangu walipotoroka mmoja baada ya mwingine, na mimi ndiye niliyewashikia mlango.

Mume wangu anaitwa Maduhu, lakini tangu tupate mtoto wa kwanza mimi namwita Baba Lusia. Miaka thelathini amefanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu huko Geita. Yeye si mchimbaji, ni fundi wa matimba, ile miti inayopangwa kuzuia kuta za duara zisiporomoke. Duara ni shimo lenyewe, wachimbaji ndivyo wanavyoliita. Alikuwa anakuja nyumbani kwetu Tinde wakati wa kupanda mahindi, Krismasi, na kwenye misiba. Ukijumlisha siku tulizokaa pamoja, labda ndoa yetu ina miaka sita.

Mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimekolea, gogo liliponyoka kwenye kamba likamkuta ukingoni mwa duara. Likampiga chini ya goti la kulia, mifupa yote miwili ikavunjika. Hospitalini wakaunganisha, wakamfunga plasta ngumu kuanzia vidoleni mpaka juu ya goti. Daktari akasema, "Mguu huu usiukanyage mpaka tukuambie."

Siku ya kuruhusiwa, akaja binti mmoja, Agnetha, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Sauti yake ndogo, lakini mikono yake ukishikwa unajua umeshikwa.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, kilichofungwa ni mguu. Nyonga hazijafungwa. Usizilaze."

Akatupa karatasi yenye picha za kuchora kwa kalamu. Mtu amelala chali, amekunja goti la mguu mzima, anainua makalio juu kama daraja. Mtu amelala kiubavu, anainua mguu juu kama anayefungua lango la zizi. Mtu amelala tu, anabana makalio na kuyaachia. Mara tatu kwa siku, akasema, na kila ukiinua unashikilia huko juu huku unahesabu mpaka tano.

"Misuli ya nyonga isipotumika haichelewi kusinyaa, mama. Siku chache tu inaanza. Na kwa umri wa baba, kuitunza ni rahisi kuliko kuirudisha."

Nikasema ndiyo, ndiyo. Nikaikunja ile karatasi, nikaitia kwenye kibeti.

Sasa nikueleze nyumba yetu ilivyo, ndipo utaelewa. Kitanda cha Baba Lusia tulikiweka sebuleni, maana wageni wa kumpa pole walikuwa wengi na huwezi kuwaingiza watu chumbani. Sebule ndiyo njia ya kwenda uani, na uani ndiko liliko jiko. Na nyumbani tunakaa na Salome, mke wa mwanangu Edward. Edward mwenyewe yuko Nkome, ananunua dagaa na kuwasafirisha. Salome ni mkwe mwenye adabu. Kwa desturi yetu mkwe na baba mkwe wanaheshimiana kwa umbali: hawakai mkeka mmoja, hampiti mgongoni, chakula anakiweka karibu na mlango, anapiga goti, anaondoka, macho chini. Haya, niambie wewe. Mzee wa miaka sitini na mbili amelala chali katikati ya sebule anarusha makalio kwenda kwenye bati, na mkwe wake anapita na sufuria. Nani atatazamana na nani tena katika nyumba hiyo?

Ile karatasi nikaisukuma chini ya godoro.

Hiyo ndiyo sababu niliyokuwa nikijiambia. Ilikuwepo na nyingine, hiyo sikumwambia hata padri. Nitakuambia ikifika zamu yake.

Basi nikamuuguza. Nilimuuguza, nakuambia! Maziwa ya mgando asubuhi, uji wa ulezi saa nne, nyama laini mchana. Akitaka kikombe, mkono wangu unafika kabla ya mkono wake. Akitaka kujigeuza, namgeuza. Haja ndogo nampelekea chupa. Alikuwa na gongo la kutembelea walilompa hospitalini, nikalisimamisha nyuma ya kabati lisimsumbue. Kisimani wanawake wakasema, "Mama Lusia anajua kuuguza, mzee wake hainui hata kijiko." Mimi nikarudi na ndoo kichwani, shingo imenyooka kama twiga.

Na tulikuwa na raha, siwezi kusema uongo. Alasiri navuta kigoda karibu na kitanda, natenganisha mchele na mawe, tunategeana vitendawili. Siku moja akanitegea hiki: "Nyumba yangu nimeijenga kwa miti mizuri. Nikiingia nasali, nikitoka nasali, na sina nia ya kulala humo hata siku moja."

Nikajua ni duara. Nikasema, "Kanisa."

Akacheka mpaka kitanda kikalia.

Wiki ya kumi na mbili tukarudi hospitalini kukata plasta. Daktari akatazama picha ya mfupa, akafurahi. "Umeunga vizuri kabisa. Mzee, simama."

Baba Lusia akashika ukingo wa kitanda, akajisukuma. Akainuka nusu, akatetemeka kama ndama aliyezaliwa leo, akakaa. Akajaribu tena. Safari hii alifika juu, lakini nyonga ya kulia ikabonyea upande, mwili wote ukaifuata, na kama daktari asingemdaka angeanguka. Suruali ikamteleza mpaka mapajani. Mkanda ulikuwa kwenye tundu la mwisho, ila hapakuwa na kitu cha kuushikilia. Pale makalio yalipokuwa palikuwa pamebaki ngozi na mfupa, kama gunia lililomwagwa mpunga.

Nikaitazama sehemu ile nikashangaa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha kila siku. Vitu vinavyopungua kidogo kidogo, aliye karibu havioni.

Agnetha akaitwa. Akambonyeza huku na huku kwa vidole.

"Mama, ile karatasi iko wapi?"

"Iko nyumbani, mwanangu."

"Mliyafanya mazoezi?"

Nikatazama ukuta. Palikuwa na picha ya mama ananyonyesha.

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililouma. Alisema tu, "Mfupa umemaliza kazi yake. Iliyobaki ni ya kwenu. Baba akilala miezi mingine miwili hivi, atakuwa mtu wa kubebwa moja kwa moja. Akifanya mazoezi kila siku, atatembea. Nawapa wiki nane. Baba, siku hiyo nataka nikuone unaingia mlango ule kwa miguu yako, hujashikwa na mtu."

Kwenye bajaji nilimshika Baba Lusia kiunoni, akautoa mkono wangu.

Nyumbani nikaitoa karatasi chini ya godoro. Nikamwambia alale chali, akunje magoti. Akainua mara moja, sentimita mbili, uso umejaa jasho. Akainua mara ya pili. Hapo hapo mlango wa uani ukalia, Salome anaingia na sinia. Baba Lusia akashuka kama aliyepigwa, akajifunika blanketi mpaka kidevuni, ingawa jua la mchana lilikuwa linaunguza bati. Salome akaliacha sinia chini akakimbia.

Baada ya hapo akageukia ukutani. Siku tatu. Nikimgusia karatasi ananiambia, "Niache, Mama Lusia. Bora kubebwa kuliko kuaibika." Nikairudisha karatasi chini ya godoro.

Siku ya nne ikawa Jumamosi. Nilikuwa uani nakoroga uji nikasikia kilio kinatoka barabarani.

"Mtani wangu weee! Umeniachia nani weee! Umekwenda bila kunilipa haki yangu weee!"

Nikatoka na mwiko mkononi. Majirani nao wametoka, wengine tayari wamejifunga kanga viunoni, mmoja ameshaanza kulia. Katikati ya barabara anakuja Kondo, amejizungushia majani ya mgomba kiunoni na kanga ya mkewe kichwani, anajigaragaza, anainuka, anakuja.

Kondo ni fundi wa kuchomelea vyuma hapo Tinde, banda lake liko ng'ambo ya barabara. Ni Mzaramo wa Kisarawe. Alijuana na Baba Lusia zamani huko Geita akichomelea mashine za kuvutia mawe, akamfuata mpaka huku akaoa hapa hapa. Na unajua Mzaramo na Msukuma ni watani. Mtani anaweza kukutukana na huwezi kukasirika. Ukifa, anaweza kulala kwenye kaburi lako asitoke mpaka apewe kitu chako, ndiyo haki yake.

"Kondo, una wazimu?" nikamwambia. "Nani kafa?"

"Maduhu! Nimeambiwa amelala na haamki. Sisi kwetu mtu wa hivyo tunamzika. Nipisheni nichukue haki yangu kabla nzi hawajafika."

Akaingia mpaka ndani. Baba Lusia akageuka kutoka ukutani, macho mekundu.

"Sijafa, mbwa wewe!"

"Jamani, maiti inatukana! Mama Lusia, hiyo ishara mbaya, izikwe leo leo." Akainyakua redio iliyokuwa kichwani pa kitanda. Redio ile Baba Lusia hanipi hata mimi. "Maiti haisikilizi taarifa ya habari. Hii ni yangu."

"Weka chini!"

"Naweka." Akaiweka juu ya kigoda karibu na mlango, hatua nne kutoka kitandani. "Hiyo hapo. Kama wewe si maiti, njoo uichukue."

Baba Lusia akashika ukingo wa kitanda. Akajisukuma. Akarudi akakaa. Majirani walikuwa wamejaa mlangoni. Kondo akaivua ile kanga kichwani.

"Watu wote nje," akasema. "Mazishi yameahirishwa."

Walipotoka, akainua kona ya godoro akisema anatafuta haki nyingine. Akaiona karatasi. Akaisoma picha moja moja. Kisha akanitazama.

"Mama Lusia, nani kaizika hii?"

Nikamweleza habari ya sebule, njia ya uani na mkwe. Nikamweleza kwa kirefu, mtu mwenye hatia hueleza kwa kirefu. Kondo akakuna ndevu. Akasema tutundike kitenge katikati, kama pazia. Baba Lusia akasema kitenge hakina kufuli.

Hapo tukasikia sauti nyuma ya mlango wa uani, sauti ndogo, ya mtu anayesema huku ameinama.

"Mama, samahani. Mimi naweza kuwa natwanga."

"Unatwanga nini?"

"Karanga za mboga. Nitaweka kinu pale nje. Mchi ukiwa unasikika, Baba ajue mikono yangu iko kwenye mchi na mimi niko nje. Sipiti. Mchi ukinyamaza, basi ajifunike."

Tukatazamana. Kondo akapiga makofi. "Mtani, huyu mkwe umempata wapi? Mimi nilidhani Wasukuma mnaoa kwa kutazama ng'ombe tu."

"Mama Lusia," akasema Baba Lusia polepole, maana yeye kumwambia mkwe moja kwa moja hawezi, "mwambie huyo mtu wa nje kwamba wabeja sana."

"Ameshasikia shukrani zako," nikasema.

Ndivyo tulivyoanza. Asubuhi, mchana na jioni kabla jua halijazama, kitenge kinashushwa, Salome anaanza: du, du, du. Kondo anaacha moto wa kuchomelea anakuja na ovaroli lake, analala kwenye mkeka pembeni ya kitanda, na yeye anainua. Ana tumbo kubwa yule bwana. Likipanda juu utadhani kilima kimeota ndani ya nyumba.

"Inua, maiti! Mimi na tumbo hili nimefika, wewe huna hata kalio moja unashindwa?"

"Subiri nipone, Kondo. Nitakutia matimba mdomoni."

Na kwa kuwa mchi ulikuwa unasikika, ukawa ndio hesabu yetu. Anainua, anashikilia huko juu mapigo matano, anashuka. Mwanzoni alikuwa hafiki la pili. Wiki ya pili akafika matano, akafanya hivyo mara sita. Halafu kiubavu, mguu juu kama lango la zizi, mapigo matano. Halafu kukaa ukingoni mwa kitanda na kusimama bila kushika, kukaa na kusimama, huku mimi nimekaa mbele yake mikono yangu nimeikalia. Nimeikalia kweli, maana Kondo alinitisha kwamba nikimdaka mtu ambaye hajaanguka atanidai mbuzi wa utani.

Kitu kimoja hatukukitegemea. Salome alijifunza. Akisikia kitanda kinalia anajua baba mkwe yuko juu, basi mchi unaanza kuchelewa. Du... kimya... du... kimya kirefu... du.

"Mama Lusia!" Baba Lusia anapiga kelele, miguu inatetemeka. "Mwambie anayetwanga kwamba karanga zimeshalainika zamani!"

Na kutoka nje, sauti ya adabu kabisa: "Mama, mwambie Baba bado kuna moja ngumu."

Kondo alicheka mpaka akabanwa na mkojo.

Mboga zote za mwezi ule zilikuwa za karanga. Mchicha wa karanga, mlenda wa karanga, samaki wa karanga. Baba Lusia aliponda matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, kwa karanga akasema makalio yakirudi yatakuwa ya karanga tupu. Na yalianza kurudi. Mimi niliyaona, safari hii nilikuwa natazama. Mkanda ukasogea tundu moja. Wiki ya tano akasimama, akapiga hatua nne akiwa na gongo, akaichukua redio yake kwenye kigoda. Salome alitoka kinuni akapiga vigelegele akiwa ameupa mlango mgongo. Nami nikapiga vigelegele.

Sasa zamu ya ile sababu nyingine imefika.

Mtu aliyelala kitandani hashuki duarani. Ndiyo hiyo. Miaka thelathini kila mvua ikinyesha Tinde nilijiuliza kama huko Geita inanyesha pia, na kama udongo umekunywa kiasi gani. Kila simu yenye namba nisiyoijua nilipokea nimekaa chini. Siku walipomleta mguu umevunjika nililia, Mungu anajua nililia, lakini chini kabisa ya kile kilio palikuwa na furaha ndogo imejikunja. Nilijua yuko wapi. Yuko sebuleni. Kwa hiyo nilipoisukuma ile karatasi chini ya godoro sikuwa namwonea aibu mkwe peke yake.

Jioni ya siku ile ya redio nilimuuliza. Alikuwa yuko juu, pigo la tatu.

"Baba Lusia, ukipona kabisa, utarudi duarani?"

Akashuka. Akatazama bati. Nje mchi ukaendelea, du, du. Akasema, "Nimepoteza hesabu. Tuanze upya."

Kesho yake nikamuuliza tena. Akasema anataka maji. Sikuuliza mara ya tatu. Mwanamume akikwepa swali mara mbili, jibu unaweza kulikisia, na mimi nililikisia.

Wiki iliyofuata Kondo akasafiri kwenda Kisarawe kwenye harusi ya mdogo wake. Akaniachia kazi. "Mtani, nakukabidhi maiti yangu. Nikirudi nikute imenenepa."

Asubuhi Salome akaja na kinu. "Mama, nitwange?"

Nikasema, "Leo karanga zipo za kutosha, pumzika mwanangu."

Kesho yake hivyo hivyo. "Jua kali, pumzika." Baba Lusia akaniuliza mbona mchi hausikiki, nikasema Salome mkono unamuuma. Nikamletea uji kitandani. Kikombe nikakishika mimi. Akanywa, akanitazama juu ya kikombe. Alasiri tulitegeana vitendawili, na ilikuwa raha kama zamani, na mimi sikuisikia ile raha.

Siku ya tatu asubuhi alitaka kwenda msalani. Tangu wiki iliyopita alikuwa anakwenda mwenyewe na gongo. Akasimama, akapiga hatua mbili, nyonga ikabonyea. Akajishika kwenye kabati. Akasimama pale hajui aendelee au arudi, kisha akaniita. Hakuniita kwa jina la mtoto. Aliniita, "Klara."

Nikaenda nikamshika. Safari hii mkono wangu hakuutoa. Aliuegemea wote, na uso wake aliugeuzia pembeni nisiuone. Nilimpeleka, nikamsubiri, nikamrudisha, nikamkalisha kitandani. Halafu nikatoka uani.

"Salome, njoo utwange."

"Karanga zimeisha, mama. Gunia limebaki vumbi."

"Twanga hivyo hivyo."

"Nitwange nini?"

"Twanga kinu kitupu, mwanangu. Twanga tu."

Akanitazama. Akakunja magoti kidogo kama kawaida yake, akashika mchi. Nikarudi ndani, nikashusha kitenge, nikalala kwenye mkeka mahali pa Kondo. Mgongo wangu ulilia, nina miaka hamsini na tisa. Nikakunja magoti nikainua.

Kinu kitupu kina mlio mwingine, mkavu, kama mtu anagonga mlango. Baba Lusia akasikiliza mapigo mawili matatu.

"Mama Lusia, kinu hicho hakina kitu."

"Inua."

"Na wewe unafanya nini huko chini?"

"Nimekuwa Mzaramo. Inua, maiti wewe!"

Akacheka. Akainua. Siku ile tulifanya mara nne badala ya tatu, na kesho yake nikanunua karanga ndoo nzima.

Wiki ya nane tukaenda hospitalini. Mlangoni aliniambia nishike mkoba wangu na gongo lake. Nikavishika. Akaingia. Hakuingia haraka, lakini aliingia katikati ya mlango, hakugusa fremu. Agnetha alikuwa ameshainuka kwenye kiti. Akamsimamisha kwa mguu wa kulia peke yake, mkono wake umekaa karibu bila kumgusa, akahesabu mpaka kumi. Nyonga ilibaki pale pale, sawa na mwenzake.

"Baba, mmefanyaje?"

"Nina mkwe anatwanga," akasema Baba Lusia.

Binti wa watu akadhani mzee amechanganyikiwa, nikamweleza. Alicheka akaandika kwenye daftari. Akasema tusiache, misuli haina likizo, angalau mara moja kila siku mpaka mwisho wa maisha. Akanitazama mimi na kusema na mama pia. Sikubisha.

Tulipofika Tinde tukakuta gari limesimama nje ya nyumba, na wanaume watatu wamekaa kwenye viti barazani. Mkubwa wao ni Nkwabi, msimamizi wa duara alilokuwa akilifanyia kazi Baba Lusia. Wakasimama wote.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mwangaluka," akaitikia Baba Lusia kwa salamu yetu ya asubuhi, ingawa ilikuwa mchana. Akichangamka huwa anachanganya.

"Mzee, tumesikia umepona. Tumefungua duara jipya na hakuna mtu wa matimba tunayemwamini. Tumekuja kukuchukua."

Mimi nikapita ndani moja kwa moja mpaka jikoni. Wageni lazima wale. Salome alikuwa ameshawasha moto, nikamwambia akateke maji, ndoo zilikuwa zimejaa lakini akaenda. Nikakaa kwenye kigoda nikaanza kumenya viazi. Kutoka barazani nilisikia sauti zao zinapanda na kushuka, kicheko, kimya, tena kicheko cha Nkwabi. Maneno sikuyashika. Nilimenya viazi vingi kuliko watu.

Niliwaza, haya, amesimama. Hilo ndilo nililolitwangia. Mtu akisimama anakwenda anakotaka, huwezi kumpa miguu halafu ukamchagulia njia. Nililisema hilo moyoni mara mbili, ya pili kwa nguvu zaidi. Akiaga nitamfungia matobolwa ya safari na chupa ya maziwa, na sitalia mbele ya wageni.

Kivuli kikaingia mlangoni. Baba Lusia. Katika miaka yote ile sidhani kama alishaingia jikoni mara tano. Akatazama huku na huku, akaona kigoda cha Salome, kile kifupi kabisa kinachokaribia kugusa ardhi. Akakigeukia, akakunja magoti, akajishusha taratibu, taratibu, hakushika ukuta wala bega langu. Akakaa. Mimi mikono yangu nilikuwa nimeikalia tena, na kisu na kiazi ndani yake.

"Wanaondoka saa ngapi?" nikauliza.

"Wakishakula."

"Na wewe?"

Akachukua kiazi kimoja kilichomenywa, akakizungusha mkononi, akakirudisha kwenye maji.

"Uliniuliza kitu nikiwa nimeinua makalio, Mama Lusia. Mtu hawezi kujibu kitu kama kile akiwa katika hali ile." Akapangusa mkono kwenye suruali. "Nimewaambia walete miti na vijana wao hapa Tinde, niwafundishe kufunga matimba hapo uani, juani. Duarani sishuki tena."